Shajara ya mradi: vikapu vya ukili kutoka Mbagala hadi maduka ya Hispania

Mradi una biashara tatu ndogo za Dar es Salaam: kikundi cha wasukaji wa vikapu cha Mbagala kinachonunua ukili Mkuranga, karakana ya picha za Tingatinga ya Oysterbay, na msagaji wa viungo wa Kariakoo. Muda ni miezi saba. Kila mmoja anatakiwa awe ameuza angalau mara moja kwa mnunuzi anayesoma Kihispania, na abaki na faida baada ya kutoa usafiri, ada za benki na vilivyoharibika. Mauzo ya hasara hayahesabiwi, hata picha zake zikipendeza mtandaoni.

8 Septemba. Nchi ipi?

Wazo lilifika mezani kama "soko la Kihispania". Soko hilo halipo. Zipo nchi 20 ambazo Kihispania ni lugha yao rasmi, mojawapo hapa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta, na kila moja ina forodha yake, fedha yake na jina lake la kikapu.

Meksiko ndiyo yenye watu wengi kuliko zote na ndiyo iliyotamaniwa kwanza. Imewekwa kando. Hatuna nayo mkataba wa biashara huria, bidhaa za kawaida za dukani hufuata kanuni ya lebo ya NOM-050, yaani Kihispania pamoja na jina na anwani ya mwagizaji wa huko, na tofauti ya saa ni tisa: Mbagala wakianza kazi, Mexico City bado ni usiku wa manane. Argentina saa sita, Kolombia na Peru saa nane. Hispania ni saa mbili majira yao ya baridi, moja majira ya joto.

Kilichoamua ni ushuru. Tanzania imo kwenye mpango wa EBA wa Umoja wa Ulaya, unaoruhusu bidhaa za nchi zenye maendeleo duni kuingia bila ushuru wa forodha, isipokuwa silaha. Kikapu chenye asili ya Tanzania hulipiwa Hispania kodi moja tu, IVA (VAT yao) ya asilimia 21, ile ile anayolipa kila mtu.

Tumekubaliana Hispania, tena bara na visiwa vya Baleares tu. Visiwa vya Canarias viko nje ya eneo la VAT la Umoja wa Ulaya na vina kodi yao, IGIC. Ceuta na Melilla nazo zina utaratibu wao. Kwenye fomu ya oda, namba za posta zinazoanza na 35, 38, 51 na 52 zimefungwa. Zikifunguliwa, zitafunguliwa kwa makusudi.

Jambo la saa lisidharauliwe. "Tuongee saa nne" kwa Mbagala ni asubuhi. Mfasiri wa mashine humwandikia mtu wa Madrid "a las cuatro", saa kumi yetu ya jioni au ya alfajiri, achague mwenyewe. Kila miadi sasa inaandikwa hivi: 10:00 Dar / 09:00 Madrid.

22 Septemba. Maneno

Mfasiri wa mashine hutoa Kihispania kisicho na kwao. Kikapu kimoja kimerudi na majina manne: cesta, canasta, cesto, capazo. Yote yana maana, ila kikapu chetu kikubwa, laini, chenye mikono miwili, Hispania ni capazo, na ndilo neno ambalo mnunuzi wao huandika akitafuta. Canasta ni la kawaida zaidi Amerika ya Kilatini. Halafu kuna mtego mdogo: kwenye maduka ya mtandaoni ya Hispania, kitufe cha kuweka bidhaa kapuni husomeka "añadir a la cesta". Ukiita bidhaa yako cesta, ukurasa mzima unakuwa makapu ndani ya kapu.

Mkoba wa mkononi Hispania ni bolso. Meksiko ni bolsa. Argentina na Chile ni cartera. Lakini bolsa Hispania ni mfuko wa kubebea vitu vya sokoni, kwa lugha yetu mfuko wa rambo. "Bolsa de palma, 45 €" ni sawa na kumwambia mtu wa Tandika anunue rambo kwa laki.

Upande wa Kariakoo hali ni mbaya zaidi, maana Kiswahili na Kihispania vina maneno yanayofanana sura. Msagaji wa viungo hutengeneza pia jamu ya mapera. Pera kwa Kihispania ni tunda jingine kabisa, lile la Ulaya linaloota maeneo ya baridi. Pera letu ni guayaba. Lebo ya "mermelada de pera" kwenye jamu yetu ingekuwa uongo wa kisheria, si kosa la tahajia. Ndimu: Hispania ni lima, na limón ni limau; Meksiko limón kwa kawaida ndiyo ndimu. Pilipili kali ni guindilla Hispania, chile Meksiko, ají sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini. Na yeyote anayefikiria kuita bidhaa yake "Kaka" aachane na wazo hilo. Caca kwa Kihispania ni kinyesi, lugha ya watoto.

Tulichofanya: sentensi zote za duka zimehesabiwa, zikawa 43. Zimeandikwa fupi kwa Kiswahili, zikafasiriwa na mtu anayezijua lugha zote mbili bila kupitia Kiingereza, kisha zikasomwa na mzaliwa wa Hispania. Amebadilisha 19. Nyingi hazikuwa makosa ya sarufi, zilikuwa zile sentensi ambazo hakuna mtu wa huko angezisema. "Casa" (nyumba) kwenye menyu, kwa mfano, imekuwa "Inicio" (mwanzo). Anaposemeshwa mteja ni tú, "wewe" ya kirafiki, kwa sababu ni Hispania. Kwa Kolombia ingefaa usted, ile ya heshima.

Jaribio la bei nafuu kuliko yote limefanyika Mwenge, soko la vinyago. Kadi ya Kihispania yenye jina la bidhaa, malighafi na vipimo imewekwa mezani kwa wiki mbili mbele ya watalii. Waliosoma kadi waliuliza maswali mawili tu: kinaweza kulowa? na ngozi ya mikono ni ya mnyama gani? Majibu ya maswali hayo sasa yako juu kabisa ya ukurasa, kabla ya maelezo ya nani kasuka. (Faida moja ya bure: msukaji hana shida kusoma Kihispania kwa sauti. Irabu ni zetu zile zile tano, na ñ ni "ny".)

6 Oktoba. Hewa inayolipiwa

Kikapu kimoja kwenye katoni ya sentimita 45 × 45 × 32 kina gramu 800 hivi. Kampuni za vifurushi vya haraka hulipisha uzito mkubwa kati ya ule wa mzani na ule wa ujazo, na ujazo ni urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 5,000. Yaani 64,800 ÷ 5,000 = kilo 12.96, wanapandisha mpaka 13. Unalipia kilo 13 kusafirisha gramu 800, zilizobaki ni hewa ya Mbagala.

Dawa ni umbo. Mdomo wa kikapu umepanuliwa ukawa na sentimita 4 zaidi ya kitako, vikapu vikaanza kuingiana kama vikombe. Kumi vinakaa katoni ya 45 × 45 × 60. Kwa mzigo wa kawaida wa ndege, ambao hugawanywa kwa 6,000, hiyo ni kilo 20.25 kwa vikapu kumi, kilo mbili na kidogo kila kimoja. Mikono hushonwa ikilala ndani, la sivyo inazuia kikapu kinachofuata.

Kuvikunja bapa kumejaribiwa pia. Vinaingia zaidi ya ishirini, lakini mstari wa kunjo kwenye kitako unakatika ukili ukiwa mkavu. Ukiwa na unyevu haukatiki, ila huota kuvu njiani. Limeachwa.

20 Oktoba. Rejareja imekufa, jumla imezaliwa

Mpango wa awali ulikuwa kumtumia mteja mmoja mmoja nyumbani kwake. Hesabu yake ndiyo hii. Kikapu 45 €, usafiri 38 €. Tangu Julai 2021 hakuna tena msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo vinavyoingia Umoja wa Ulaya, na kodi hutozwa juu ya bidhaa pamoja na usafiri: asilimia 21 ya 83 ni 17.43. Mteja aliyedhani amemaliza kulipa anagongewa mlango aongeze hiyo, na juu yake ada ya msafirishaji ya kushughulikia forodha. Imezidi 100 €. Wengine hukataa kupokea, na kurudisha mzigo Dar ni gharama ya muuzaji.

Upo utaratibu wa IOSS wa kukusanya VAT wakati wa kuuza kwa mizigo isiyozidi 150 €, lakini muuzaji wa nje kama sisi lazima apitie wakala aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya, naye analipwa uuze usiuze. Mteja wa mtandaoni ana siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu. Msumari wa mwisho ni kanuni ya usalama wa bidhaa, namba 2023/988, inayotumika tangu 13 Desemba 2024: bidhaa nyingi za walaji lazima ziwe na mwenye wajibu aliyeko ndani ya Umoja, na jina lake lionekane. Masoko ya mtandaoni yanaikataa bidhaa isiyo naye.

Ukimuuzia mwenye duka wa Hispania kwa jumla, mambo hayo yanahamia kwake. Yeye ndiye mwagizaji, ana namba ya EORI ya kutambulika forodhani, analipa IVA na kuirudisha kwenye hesabu zake. Tunabaki na kazi ya kutengeneza kitu kizuri na karatasi safi.

Bei imehesabiwa kurudi nyuma. Rafu 45 € pamoja na IVA. Gawanya kwa 1.21 unapata 37.19. Duka dogo huzidisha bei ya kununulia zaidi ya mara mbili, kwa 2.2, kikapu kimfikie kwa 16.90. Toa usafiri wa ndege 6.00 kwa bei tuliyopewa, toa 1.50 ya wakala wa forodha wa kule. Zimebaki 9.40, bei ya FCA, yaani wajibu wetu unaishia kumkabidhi msafirishaji mzigo uwanja wa Julius Nyerere. Ndani yake: ukili na usukaji 5.60, mikono ya ngozi 1.70, lebo na katoni 0.60, hati na gari mpaka uwanjani 0.70. Faida ni senti 80 za yuro kwa kikapu. Ndogo, lakini ni ya kweli. DDP, ambayo muuzaji anabeba kila kitu mpaka mlangoni na kodi ya huko pia, isikubaliwe hata mnunuzi akiiita "huduma nzuri".

10 Novemba. Viungo vimetoka, picha zimesimama

Viungo vya kusagwa havitakwenda awamu hii. Forodha za Ulaya hupima sumukuvu na mabaki ya dawa, na pilipili iliyosagwa inayoanikwa sakafuni haivuki. Hadi kichanja cha kukaushia na vipimo vya maabara vipatikane, Kariakoo inauza Kihispania kwa watalii tu.

Picha ni rahisi kwa karatasi: picha ya mkono iko chini ya msimbo wa forodha 9701 na haina ushuru. Tatizo ni rangi. Wachoraji bado wanatumia rangi ya mng'ao, ile ile ya enzi za Edward Saidi Tingatinga iliyokuwa ikipaka baiskeli. Juu inaonekana imekauka ndani ya siku mbili wakati chini bado ni laini. Ukikunja picha siku ya tano kwa joto la Dar, inanata mgongoni mwa mwenzake. Wiki tatu kwenye fremu, kisha inakunjwa rangi ikiangalia nje, juu ya bomba la sentimita 10 au zaidi, na karatasi ya kuokea keki katikati. Bomba jembamba hupasua rangi.

1 Desemba. Ñ iliyopotea

Jedwali la bidhaa lilihifadhiwa kama CSV kwenye kompyuta moja, likafunguliwa kwenye nyingine kwa Excel, "tamaño" (ukubwa) ikawa "tamaÃ±o". Faili imehifadhi herufi kwa mfumo wa UTF-8, programu imezisoma kwa mfumo mwingine, Latin-1. Unaifungua kupitia menyu ya kuingiza data na kuchagua UTF-8, si kwa kubofya mara mbili. Kanzidata ya duka imewekwa utf8mb4, yaani UTF-8 kamili. Printa ya lebo ya zamani bado inaandika "Pe?a" badala ya Peña, kwa lebo za katoni tunachapa faili ya PDF. Na alama ya juu ya ñ si urembo: año ni mwaka, ano ni tundu la haja kubwa.

Fomu ya oda imeongezewa sehemu nne ambazo haikuwa nazo: majina mawili ya ukoo (Wahispania karibu wote wanayo), ghorofa na mlango, namba ya kodi ya NIF, na simu. Namba za posta za Hispania na Meksiko zote zina tarakimu tano, kwa hiyo nchi lazima ichaguliwe, isikisiwe.

Tarakimu nazo. Hispania nukta hutenga maelfu na mkato hutenga senti, kinyume chetu. Ankara ikisema "1,128" msomaji wa Madrid anaona yuro moja na senti kumi na tatu kasoro. Tunaandika 1.128,00 €. Alama ya $ isitumike popote; Meksiko, Chile, Kolombia na Argentina ni alama ya peso zao.

12 Januari. Kuanika

Hapa ndipo mradi ulipo hasa. Capazo ni kikapu cha ufukweni na cha majira ya joto. Maduka ya Hispania hukipanga rafuni kuanzia Aprili. Mzigo uondoke Machi mwanzoni. Vuli imemalizika juzi na masika huanza Machi. Dirisha la kukausha ni kaskazi ya Januari na Februari, wiki nane tu. Likipita hilo, hakuna mzigo wa majira ya joto, hata oda iwe nono vipi.

Oda imekuja: vikapu 120, duka moja, katoni 12.

Jinsi ya kujua kama kikapu kimekauka: mkono unadanganya. Ukili huhisi mkavu ukiwa bado na maji mengi. Tumechukua vikapu kumi vya mfano, kila kimoja na namba, na mzani wa jikoni wa gramu moja. Vinapimwa kila siku saa tisa alasiri, saa ile ile, kwa sababu hewa ya asubuhi ya Dar huongeza uzito. Kimoja kimeanza gramu 820. Siku ya pili 781. Ya tatu 756. Ya nne 747. Ya tano 745. Tofauti ikishuka chini ya gramu 5 kwa siku, kundi lote limeiva.

Zile gramu 75 si kidogo. Zidisha kwa kumi: robo tatu ya lita ya maji ndani ya katoni moja iliyofungwa, inayotoka joto la Dar na kuingia tumbo la ndege lenye baridi. Maji yanatoka kwenye ukili, yanatua kama umande kwenye kitu cha baridi, kuvu inaota kwenye kitako. Watu hutegemea vipakiti vya silika. Silika hunyonya kama theluthi moja ya uzito wake. Vipakiti vinne vya gramu 10 vinabeba gramu 13 hivi. Vinafaa kwa unyevu wa njiani, haviwezi kukausha kikapu kibichi.

Tulivyopanga: kichanja cha miti kimo cha goti, kwa sababu sakafu ya saruji hurudisha unyevu usiku. Vya rangi ya asili juani kutwa. Vya zambarau na kijani kivulini penye upepo, maana jua la mchana huvipausha upande mmoja. Vinageuzwa saa sita. Saa kumi na moja jioni vinaingizwa ndani kabla ya umande. Hakuna kufunika kwa nailoni, hata usiku wa mvua ya ghafla. Turubai liwe juu na pembeni pawe wazi.

Mwenyekiti wa kikundi ameuliza, na swali lake ni zuri: "Sasa mwanangu, kikiwa kikavu hivi si kitakatika?" Jibu: "Kitakatika ukikikunja, mama. Tukikipanga hakikatiki." Ndiyo sababu nyingine ya kuacha kukunja bapa.

Rangi imejaribiwa kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kusugua mara ishirini. Nyekundu na kijani zimepita. Zambarau imeacha doa. Chanzo ni kuchemsha kwa haraka: chane zilitolewa dakika 15 baada ya maji kuchemka. Kwa dakika 40 na kusuuza mpaka maji yatoke meupe, doa limepungua, halijaisha. Vya zambarau vimepunguzwa kutoka 30 hadi 12.

2 Februari. Karatasi

Msimbo wa forodha wa kikapu ni 4602.19, bidhaa za kusukwa za mimea isiyo mianzi wala henzirani. Kuna aliyependekeza 4202, kwa kuwa ni mkoba na una mikono ya ngozi. Si sahihi, sura ya 42 yenyewe inavitoa vitu vilivyosukwa na kuvipeleka 4602. Msimbo ukitofautiana kati ya ankara na hati ya ndege, mzigo unasimama Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid.

Tamko la asili ndilo linalofuta ushuru, na ndilo linalosahaulika. Kwa mzigo usiozidi 6,000 € msafirishaji yeyote wa nchi ya EBA anaandika mwenyewe kwenye ankara. Ukizidi lazima awe amesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa wasafirishaji waliosajiliwa. Maneno ya tamko hayabuniwi, yananakiliwa kama yalivyo kwenye kanuni, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Tumetumia ya Kihispania. Mwisho wake huwekwa kigezo: P kama kila kitu kimezaliwa hapa, W na msimbo wa tarakimu nne kama kuna kitu cha nje kilichofanyiwa kazi ya kutosha. Ukili ni wa Mkuranga, lakini uzi wa kushonea mikono si wa hapa. Kwa hiyo W 4602. Tamko linaishi miezi 12.

Maelezo ya bidhaa: "capazo de hoja de palma trenzada a mano, asas de cuero de vaca", yaani kikapu cha majani ya jamii ya mitende yaliyosukwa kwa mkono, mikono ya ngozi ya ng'ombe. Mnyama atajwe. "Cuero" (ngozi) peke yake humfanya ofisa afikirie mamba.

Sampuli mbili zilitangulia kwa Posta na CN22, fomu ya posta ya tamko la forodha. Moja iliandikwa thamani sifuri "kwa kuwa ni sampuli" ikakaa forodha siku 16. Nyingine iliandikwa "muestra" (sampuli) na thamani ya kweli ikapita. Thamani sifuri haipo duniani, na forodha inajua.

23 Februari. Fedha

Ankara ni 1.128,00 €, nusu kabla ya kazi, nusu kabla ya mzigo kuondoka. Mnunuzi alikwama siku tatu akidai IBAN, namba ya akaunti ya mtindo wa kimataifa. Tanzania haitumii IBAN. Benki yake ilikuwa na fomu mbili, ya ndani ya SEPA, eneo la Ulaya la malipo ya yuro, na ya nje. Alifungua ya ndani. Sasa ankara ina mstari wa Kihispania unaosema hesabu hii haina IBAN, tumia fomu ya uhamisho wa kimataifa, na chini yake namba ya akaunti, jina kama lilivyo benki, na msimbo wa SWIFT.

Nusu ya kwanza, 564, ilifika 541. Uhamisho ulikuwa SHA, yaani ada zinagawanywa kati ya mtumaji na mpokeaji, benki ya katikati ikakata 23. Faida ya mzigo wote ni 96 €. Makato mawili ya aina hiyo ni 46, karibu nusu ya faida kwa kazi ya kubofya. Nusu ya pili imeombwa kwa OUR, mnunuzi abebe ada, naye amekubali bila neno. Hakuwahi kuulizwa tu. Imefika 564 kamili.

9 Machi. Mzigo umeondoka

Katoni 12, kilo 243 za ujazo, kilo 103 za mzani pamoja na katoni. Kila kikapu kimevikwa karatasi, si nailoni. Lebo ya pembeni: namba ya katoni 1/12 hadi 12/12, idadi, rangi. Orodha ya mzigo imelingana na katoni baada ya kurudia mara mbili. Katoni ya 8 ilikuwa na vikapu tisa.

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha usiku huo huo.

30 Machi. Mrejesho

Vikapu 120 vimefika, kuvu hakuna. Kasoro nne. Tatu ni za zambarau, doa kwenye karatasi. Moja ni mkono uliochomoka: fundi alipitisha shazia kwenye chane moja badala ya mbili, uzito ukavuta chane ikapasuka. Kuanzia sasa kila mkono unapita chane tatu, na ndani kuna kipande cha ngozi cha sentimita 3 kinachobeba mvutano. Gharama imepanda senti 15 kwa kikapu. Bei mpya ni 9.60, mnunuzi amearifiwa kabla ya kuulizwa.

Anataka 60 zaidi ifikapo mwisho wa Aprili. Kikundi kina 74 vilivyokaushwa Februari, vimewekwa juu ya kichanja ndani, vimevikwa karatasi. Havikubaliwi wala kukataliwa mpaka mzani useme. Vipya havitasukwa kwa ajili yake. Kinachosukwa sasa kitakauka Juni kwenye upepo wa kusi na kulenga Desemba, kwa kuwa Hispania wengi hupeana zawadi Januari 6, Siku ya Wafalme, na maduka huuza hadi usiku wa tarehe 5. Kwa msimu huo kikapu kidogo cha mezani kinafaa kuliko capazo. Agosti asiandikiwe mtu. Maduka mengi madogo yanafungwa.

Karakana ya Oysterbay imeuza picha mbili kupitia duka hilo hilo, bomba moja ndani ya katoni ya 12. Kariakoo bado.

Kipimo cha Jumatatu, vikapu vya akiba: namba 1 hadi 6 havijabadilika zaidi ya gramu 6. Namba 7, kilicho karibu na dirisha, kimeongezeka gramu 31. Kichanja kinasogezwa leo.